Yankees ni watani wetu, tusiucheke msiba wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Waswahili wenzangu wa huku Massachusetts, hasa sisi tunaoshabikia Red Sox, timu ya besiboli ya Boston. Leo ni Jumatatu, tarehe 11 Oktoba 2004. Kesho usiku timu yetu inaingia uwanja wa mahasimu wetu Yankees, kule Bronx, New York, kuanza mechi za kuwania ubingwa wa Ligi ya Amerika. Atakayetangulia kushinda nne ndiye anayekwenda fainali kuu.

Asubuhi hii, ndani ya basi la kwenda kazini, vijana wawili wenye kofia za Red Sox walikuwa wanacheka. Habari ni kwamba Mariano Rivera, mrushaji anayeingizwa mwishoni kuwalindia Yankees ushindi, amekwenda kwao Panama. Jamaa wawili wa upande wa mkewe wamefariki kwenye bwawa la kuogelea nyumbani kwake, na haijulikani kama atawahi mechi ya kwanza. Mmoja akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Mungu katuondolea kizingiti." Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu, nikamalizia safari kwa miguu.

Mimi ni Mngoni wa Songea. Babu zetu walipigana na Wahehe karne ya 19, wakauana kweli kweli, na uadui ule baadaye ukageuka utani. Mhehe akinikuta njiani ananiita mtumwa wake, nami namrudishia hilo hilo, na hakuna wa kukasirika. Lakini mtani hujulikana kwenye msiba. Mama yangu alipofariki mwezi Februari, aliyeshuka kaburini kabla ya jeneza na kujilaza humo, akidai alipwe ndipo apishe, alikuwa Mhehe. Watu waliokuwa wanalia wakacheka kidogo. Alipotoka, ni yeye huyo huyo aliyeshika koleo mpaka kaburi likajaa.

Na hapa Lynn, usiku ule nilipopigiwa simu ya msiba, wa kwanza kugonga mlango wangu alikuwa mfanyakazi mwenzangu mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, shabiki wa kutupwa wa Yankees. Kofia yake ya timu, ambayo haivui hata akila, aliiacha ndani ya gari. Alinishikia zamu zangu wiki tatu nzima.

Sisemi tuwapende Yankees. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na mmoja wao alizaliwa mwaka 1916. Boston walipochukua ubingwa kwa mara ya mwisho, 1918, alikuwa na miaka miwili. Tarehe 16 Oktoba mwaka jana tulikaa naye usiku na redio yake kitandani, mechi ya saba, kule kule Bronx. Tunaongoza 5–2 kipindi cha nane. Mrushaji wetu Pedro Martínez kachoka, kila mtu anaona, kocha anamwacha. Yankees wakasawazisha. Kipindi cha 11, Aaron Boone wa Yankees akaupokea mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa na Tim Wakefield wetu, akaupiga ukavuka ukuta wa kushoto, tukafungwa. Mzee alinyoosha kidole akazima redio mwenyewe, kisha akaniomba nimgeuze aelekee ukutani. Asubuhi hakugusa chai.

Kwa hiyo maumivu nayajua. Wao wana ubingwa 26, sisi 5, na zote tano tulizipata kabla hatujawauzia mchezaji wetu Babe Ruth. Rais wa klabu yetu, Larry Lucchino, aliwahi kuwaita dola la uovu kwa jinsi wanavyomwaga fedha. Neno hilo limeshika sana hapa Boston, lakini mimi sijalitumia na sitalitumia. Mpigaji Alex Rodriguez tulimtaka sisi wenyewe Desemba iliyopita, tukakubaliana naye mpaka karibu na mwisho. Chama cha wachezaji kikakataa punguzo la mshahara wake, mpango ukafa. Februari Yankees wakamchukua. Leo tunamzomea kana kwamba ni tamaa yao peke yao.

Na Derek Jeter wa Yankees je? Tarehe 1 Julai, tunacheza nao, kipindi cha 12, Trot Nixon wetu akapiga mpira wa juu ukaelekea pembeni kwenye viti vya watazamaji. Jeter alikimbia bila kupunguza mwendo, akaudaka, akaruka kichwa mbele katikati ya watu. Alitoka uso umevimba, damu inachuruzika kidevuni. Walitufunga 5–4 usiku ule. Nilizima televisheni nimenuna, lakini nilimwambia mwanangu: ukicheza mpira wowote, cheza hivyo.

Mwaka huu tunawaweza, na siyo maneno ya kujifariji. Msimu wa kawaida wameshinda mechi 101, sisi 98, ila tulipokutana uso kwa uso tumewashinda mara 11 kati ya 19. Wapigaji wao wanatisha, Sheffield, Matsui, Rodriguez, hakuna pa kupumulia. Warushaji ndio tatizo lao. Clemens na Pettitte wamehamia Houston, na Kevin Brown alijivunja mkono Septemba kwa kupiga ngumi ukuta. Sisi tuna Schilling, ingawa kifundo chake cha mguu kinanitia hofu, na tuna Pedro. Pedro watamwimbia sana Jumatano, maana mwezi uliopita alisema mwenyewe kwamba hana budi kuwaita Yankees baba yake. Waache waimbe. Huo ndio utani wenyewe, na sisi tuwatanie kwa nguvu zote, kuanzia ndevu wanazokatazwa kufuga mpaka majigambo ya tajiri wao.

Ila Rivera tumwombee arudi salama. Msimu huu ameokoa mechi 53, akitegemea karibu mpira mmoja tu, ule unaokunja pembeni ukishafika kwa mpigaji na kuvunja gongo lake. Na tumeshamfunga huyo huyo. Tarehe 24 Julai, uwanjani kwetu Fenway, siku Varitek wetu alipopigana na Rodriguez, Bill Mueller wetu aliupiga mpira wake ukavuka ukuta, tukashinda 11–10. Tarehe 17 Septemba tulimpokonya mechi mbele ya watu wake Bronx. Vijana wa kwenye basi, mnafurahia asiwepo wa nini?

Yule mwenzangu wa zamu nimempigia simu jioni hii, nikampa pole ya msiba wa timu yake. Kesho anakuja kuangalia mechi kwangu, na kofia yake nimemwambia aingie nayo ndani. Rivera akitoka kwenda kurusha, nitasimama. Halafu nitakaa na kuomba mpigaji wetu Ortiz aupige mpira wake nje ya uwanja.

Shabiki wa Red Sox,
Lynn, Massachusetts