Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Taifa: mafundi wetu walio ng'ambo waonyeshwe mlango wa jeshi

Lubumbashi, komuni ya Katuba

Kwa Mheshimiwa Naibu Waziri Mkuu, Waziri wa Ulinzi wa Taifa na Wapiganaji wa Zamani, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote ninakuandikia kuhusu vijana Wakongomani wanaoishi nje ya nchi, wenye ufundi wa magari mikononi, ambao wanataka kuingia katika jeshi letu, FARDC, kama mafundi, na ambao hadi leo hawajaonyeshwa mahali pa kupeleka maombi yao. Mimi ni fundi na mwalimu wa umakanika hapa Katuba. Vijana niliowafundisha wametawanyika Kitwe, Ndola, Chingola na Lusaka, kule Zambia, na wengine wamefika Johannesburg. Tangu Goma ilipotekwa mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, swali wanaloniuliza kwa simu limekuwa moja: mwalimu, mtu aliye huku anaombaje kazi ya jeshi?

Jibu ninalowapa linaniumiza. Ninawaambia kwamba kwa hali ilivyo inawabidi waache kazi, wafunge mizigo, wavuke mpaka wa Kasumbalesa na kuja kukaa kwa ndugu zao wakisubiri uandikishaji ambao tarehe yake haijatangazwa, na ambao ukitangazwa unaita vijana kwa jumla bila kutaja fani inayohitajika. Mtu mwenye mke na watoto, anayelipa kodi ya nyumba katika nchi ya watu, hawezi kufanya hivyo kwa kubahatisha. Si kwamba moyo wake kwa nchi ni mdogo. Hajaonyeshwa tu pa kupitia.

Mmoja wao anatengeneza malori makubwa ya mgodi upande wa Chingola. Ni kijana ambaye akichomoa kijiti cha kupimia oili huisugua kwanza kati ya vidole viwili, na akisikia chembe za mchanga, hata kidogo, haruhusu injini iwashwe mpaka ajue vumbi limepita wapi. Huyo alikwenda katika ofisi moja ya serikali yetu katika nchi anayoishi, akaambiwa mambo ya jeshi yanashughulikiwa nyumbani. Alipokuja nyumbani wakati wa likizo aliambiwa aache namba ya simu, na mtu mwingine, nje ya mlango, akamwomba dola ili amsukumie dosie, yaani faili la maombi yake. Alirudi kazini kwake bila kutoa hata senti, na nilimsifu kwa hilo, lakini nchi ilikuwa imempoteza fundi ambaye ingempata bila gharama ya kumfundisha.

Mheshimiwa Waziri, ninachoomba kina msingi katika sheria zetu. Kifungu cha 63 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kuitetea nchi na mipaka yake dhidi ya tishio au uvamizi wa kutoka nje. Hakikusema kila Mkongomani anayeishi ndani ya nchi. Kifungu cha 50 kinaitaka Serikali ilinde haki na maslahi halali ya Wakongomani walio ndani na walio nje. Tena kifungu cha 189, kinapozungumzia watu wa kuingizwa jeshini, kinataja afya ya mwili, elimu ya kutosha, tabia iliyothibitishwa na uwakilishi wa haki wa mikoa. Mahali pa kuishi hapakutajwa. Tarehe 3 Novemba 2022 Mheshimiwa Rais aliwaita vijana wajiandikishe jeshini kwa wingi, na wito huo ulisikika Kitwe siku ileile uliposikika Goma.

Wala isisemwe kwamba Serikali haina njia ya kuwafikia watu wake ng'ambo. Kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 2023, Tume ya Uchaguzi iliwaandikisha wapiga kura katika nchi tano za nje: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Mashine zilipelekwa, watu wakachukuliwa alama za vidole na kupewa kadi. Zambia haikuwamo, ingawa ndiyo nchi ya kigeni iliyo karibu zaidi nasi hapa Lubumbashi, na hilo lilituuma. Lakini jambo lenyewe lilionyesha kwamba ubalozi unaweza kumpokea Mkongomani, kuhakikisha yeye ni nani na kutuma habari zake Kinshasa. Dosie ya fundi haina uzito kuliko hiyo.

Huenda mtu akauliza kwa nini ninang'ang'ania mafundi, wakati nchi iko vitani na inahitaji wapiganaji. Ninang'ang'ania kwa sababu ninayajua magari. Malori ya Ural na Kamaz, na Land Cruiser zinazobeba askari wetu, hayafi kwa risasi peke yake. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huziba filta ya hewa. Dereva asiyefundishwa huigonga filta kwenye tairi ili vumbi lianguke, karatasi yake inapasuka mahali asipopaona, na kuanzia hapo injini inakula mchanga. Ringi za pistoni zinakwisha, moshi unakuwa wa buluu, na lori ambalo lingefanya kazi miaka mingine mingi linaachwa chini ya mwembe. Mazuti, yaani dizeli, yanayosafirishwa kwa mabidoni huja na maji, na maji yakifika kwenye nozeli zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini huziharibu, na nozeli haziuzwi kila kijiji. Ural ina mfumo unaomwezesha dereva kuongeza na kupunguza upepo wa matairi yote akiwa ndani ya kabini, jambo ambalo ni wokovu katika matope. Sili zake zikianza kuvuja na hakuna anayejua kuzibadilisha, sifa hiyo hugeuka mzigo, kwa maana matairi yanalala kila asubuhi.

Injini ya Kamaz ya silinda nane, ile ya namba 740, imetengenezwa kila silinda ikiwa na kichwa chake. Fundi anayelijua hilo anafungua kichwa kimoja chenye gasketi iliyoungua, anakirekebisha, na lori linaondoka. Asiyejua anaagiza injini nzima, au analiacha lori kwa adui. Askari waliopelekwa mbele hutegemea lori lirudi na chakula, na risasi, na majeruhi wachukuliwe. Lori likikwama, ushujaa wao haulisukumi.

Na ufundi huu sisi wa Katanga tunao. Wazee wetu waliupata katika karakana za Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, kama zile za Panda kule Likasi, na katika reli. Mwaka 2003 Gécamines ilipowaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilibaki bila mshahara, na watoto wa mafundi hao wakavuka mpaka kutafuta maisha. Ndio hao leo wanaotengeneza mitambo ya migodi ya jirani.

Ninaelewa wasiwasi wa usalama, Mheshimiwa, na sitaki upuuzwe. Katika wakati kama huu jeshi haliwezi kumpokea kila anayesema ni Mkongomani. Kifungu cha 10 cha Katiba kimesema kwamba uraia wetu ni mmoja tu na hauchanganywi na mwingine, kwa hiyo ninawasemea wale waliobaki na uraia wa Kongo pekee. Wachunguzwe. Walete cheti cha uraia, na hati ya polisi ya nchi wanayoishi inayoonyesha kama wamewahi kuhukumiwa, na barua ya mwajiri wao, na wahojiwe na afisa wa ubalozi kabla hawajagusa geti la kambi.

Vilevile sisemi kwamba jeshi liwape kazi wakiwa wamekaa huko huko. Hata Jeshi la Kigeni la Ufaransa, linalopokea watu wa mataifa yote, linamtaka mwombaji afike mwenyewe Ufaransa. Lakini masharti yake yanajulikana kabla mtu hajakata tiketi: umri usiopungua miaka 17 na nusu wala kuzidi 39 na nusu, mkataba wa kwanza wa miaka 5. Inanihuzunisha kwamba kijana wa Katuba anaweza kunieleza masharti ya jeshi la Wafaransa, wakati ya jeshi la nchi yake anayasikia kwa watu wa barabarani.

Kwa hiyo ninaomba Wizara yako itoe tangazo linalotaja fani: mafundi wa injini za dizeli, wa umeme wa magari, wa breki za upepo, wachomeleaji. Litaje umri, shule, hati na mwisho wa kupokea dosie, na libandikwe katika balozi na konsula zetu kama litakavyobandikwa hapa mjini, likisema wazi kwamba hakuna malipo yoyote. Dosie zikishapitiwa, waliochaguliwa waitwe Lubumbashi kwa jaribio la siku moja, tarehe ikijulikana mapema ili mtu aombe ruhusa kazini. Kuhusu umri, sheria ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hadhi ya mwanajeshi imeweka masharti yake, nami ninayaheshimu. Ninaomba tu Wizara itazame namna sheria inavyoweza kumruhusu fundi aliyekomaa, kwa sababu sikio linalotambua ugonjwa wa injini kwa mlio wake halipatikani katika umri wa miaka 19.

Jambo moja zaidi ninaliomba kwa uzito kuliko yote. Fundi atakayepokelewa atakwenda mafunzo ya askari kama wengine, katika kambi ya Kamina au ya Kitona, atajifunza bunduki, atakula kiapo, na akiamriwa kupigana atapigana. Hilo wanalijua na wamelikubali. Lakini fani yake iandikwe katika karatasi zake tangu siku ya kwanza, na akimaliza mafunzo apelekwe karakana. Familia zinaogopa kwamba mtoto aitwaye kutengeneza malori atapewa bunduki na kusahaulika, na hofu hiyo inawazuia wengi kuliko hofu ya kifo.

Jaribio lenyewe halihitaji mitambo mikubwa. Apewe lori ambalo pampu yake ya mafuta imeingia hewa na haliwaki, aachwe peke yake. Anayejua atalegeza skrubu ya filta, atapampu kwa mkono mpaka mazuti yatoke bila mapovu, ataikaza, na ataliwasha. Sisi mafundi wa Katuba tuko tayari kutoa viwanja vyetu, vifaa vyetu na wazee wa kusimamia, bila malipo, siku ambayo Wizara itatuandikia.

Upokee, Mheshimiwa Waziri, heshima zangu za dhati.

Fundi na mwalimu wa umakanika, Katuba, Lubumbashi