Mwanangu, kabla hujashusha hiyo gia boksi

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako wa sauti kuhusu hiyo Hilux yenye gia boksi ya otomatiki inayoteleza niliusikiliza jana usiku, na zile picha nimezitazama mara tatu. Simu ilikatakata nikashindwa kukueleza vizuri, ndiyo maana nimekaa kuandika. Ukiwa chini ya gari, uwe na kitu cha kurudia kusoma.

Nianze na hiyo oili uliyoimwaga kwenye beseni. Oili iliyoungua huwa nyeusi na harufu yake inakufikia kabla hujainama. Hiyo yako ina rangi ya waridi na imekuwa nzito kama maziwa yaliyotiwa rangi. Hayo ni maji ya rejeta. Kwenye hiyo Hilux ya dizeli, oili ya gia hupita ndani ya tangi la rejeta ili ipoe, na kipozeo chake kikitoboka humo ndani, maji na oili vinakutana. Mwenye gari anasema alikuwa anapandisha mlima Kitonga amebeba saruji ndipo gia zikaanza kuteleza. Saruji isikupoteze. Uzito uliharakisha tu. Pleti za klachi zilizomo ndani ya gia boksi zimebandikwa utando wa msuguano kwa gundi, na maji ya rejeta huilegeza gundi hiyo hadi utando ukabanduka. Kwa hiyo akikwambia umwage oili, utie mpya, yeye asafiri, mkatalie kwa heshima.

Mwambie mapema pia kwamba rejeta itabadilishwa, na toki konveta vilevile, kile chombo cha duara kati ya injini na gia boksi kinachopitisha nguvu kwa oili. Ndani ya konveta mna pleti yenye utando uleule, na huwezi kuisafisha bila kuipasua. Najua unaogopa kumtajia bei akakukimbia. Mtajie. Ni afadhali akimbie leo kuliko arudi mwezi ujao na gia boksi uliyoifungua na kuifunga kwa mikono yako.

Kushusha kwenyewe umeshafundishwa chuoni, sitakuchosha. Chomoa betri. Gari likae juu ya stendi nne, tena juu vya kutosha gia boksi kupita chini yake. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Propela zote mbili, zile shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma, zipige alama ya rangi kabla hujalegeza bolti, zirudi vilevile zilivyokuwa. Mabomba ya oili yafungue kwa spana mbili, moja ishike, nyingine izungushe, la sivyo bomba litajisokota. Transfa kesi, lile boksi la nyuma linalogawa nguvu mbele na nyuma, itoe kwanza. Ukiishusha pamoja na gia boksi, uzito wake unamzidi mtu mzima, na wewe uko na kijana mmoja tu hapo gereji.

Bolti za juu za hauzingi, lile ganda la mbele la gia boksi linalofungwa kwenye injini, ndizo zitakazokutoa jasho. Usizitafute kwa mkono kutoka pembeni. Ukishaondoa mkingamo wa chini unaobeba gia boksi, shusha mkia wake taratibu kwa jeki, injini nayo italala nyuma kidogo. Hapo unapitisha mpini mrefu wenye krosi, kile kiungo kinachopinda, kutokea nyuma. Kabla ya kushusha, mtume kijana mbele aangalie feni isiguse kava lake na mipira ya maji isivutike.

Sasa konveta. Hapa soma polepole, mwanangu.

Zile bolti sita zinazoishika kwenye pleti ya injini zitoe moja moja, ukizungusha injini kwa spana kutoka mbele, na uhakikishe zote sita zimetoka. Konveta ishuke pamoja na gia boksi. Ikibaki kwenye injini, au ikichomoka njiani, utamwagikiwa oili na utaumiza sili na pampu. Ifunge kwa waya isitoke.

Wakati wa kurudisha, konveta mpya isukume ndani huku unaizungusha. Itaingia mara tatu, kila mara utasikia imezama kidogo: shafti mbili za ndani, kisha pampu. Watu wengi huishia mara ya pili na kudhani imekaa. Ukiinua gia boksi, hauzingi lazima iguse injini kwa kusukuma kwa mkono tu. Ikibaki nafasi, hata ya upana wa kidole, shusha tena.

Hili sijawahi kukusimulia. Mwaka uliozaliwa nilibakiwa na nafasi kama hiyo, jua limezama, mwenye gari amekaa mlangoni ananisubiri. Nikaivuta kwa bolti. Ilipofunga nilisikia mlio mkavu, nikajua. Pampu ilikuwa imevunjika, na ile gia boksi sikuwa nimeiwasha hata mara moja. Pampu nyingine niliinunua kwa fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili yako, wewe na mama yako mkiwa bado hospitali. Mama yako hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi kifurushi chako. Mna vifuniko vya plastiki vya kuzibia mabomba yasiingie mchanga, na ile rula yangu ya chuma. Ilaze juu ya mdomo wa hauzingi, upime konveta imezama kiasi gani. Pima ya zamani kabla hujaitoa, halafu pima mpya, vipimo vyote viwili viandike kwa chaki ukutani. Hauzingi ikishagusa injini, konveta lazima izunguke huru kabla hujafunga bolti hata moja kati ya zile sita.

Nitumie picha ya hiyo chaki, hata ikiwa saa sita za usiku. Nitakuwa macho.

Baba yako,
Morogoro