Idi, gari la Mzee linatetemeka

Ujiji, Kigoma
Jumapili usiku

Ndugu yangu Idi,

Asalaam aleikum. Za Isevya? Shemeji na watoto hawajambo? Huku wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimia sana, mguu bado unamsumbua lakini anatembea. Nisamehe kwa kimya. Tangu arobaini ya Mzee sijakuandikia hata mstari mmoja, na kila nikishika simu naona vibaya kukutumia maneno mawili matatu kama mtu anayepita njia. Leo nimekaa chini niandike kweli, maana kuna jambo sitaki ulisikie kwa Kasimu.

Gari la Mzee linaumwa.

Halijafa, usishtuke. Linatembea, na wiki iliyopita limenifikisha Uvinza na kunirudisha, ingawa zito kidogo. Shida ilikuwa likisimama. Sailensi, ule mngurumo wa utulivu bila kukanyaga mafuta, hakuna. Ukiachia mafuta tu resi zinaporomoka, linatetemeka mpaka kioo cha kati kinacheza na huoni aliye nyuma yako, halafu linajivuta, linapanda, linashuka tena. Mara mbili limezimika pale Mwanga sokoni, mama akiwa ndani, tunatoka naye Maweni kliniki. Watu wanapiga honi, bodaboda wanapita kushoto na kulia. Mama hakusema neno, alikumbatia tu mkoba wake.

Na kinachoniuma, Idi, ni kwamba nililipeleka gereji likiwa zima. Lilikuwa linavuja oili kidogo kwenye kava la tapeti na pale distributa, kile kinachogawa moto kwenye plagi, inapoingia kwenye injini, basi, hakuna kingine. Nikasema nisingoje livuje mpaka likauke. Fundi mmoja wa huku, jina lake nisilitaje, akabadilisha gasketi ya kava, akachomoa distributa akaweka oringi mpya, akaweka plagi nne mpya, na kwa kuwa alikuwa humo humo akafungua na throto, mlango wa hewa wa injini, akaisafisha. Jioni nikawasha pale pale uwanjani kwake, nikasikia. Unajua lilivyokuwa linanguruma kwa Mzee, kikombe cha chai juu ya boneti hakimwagiki. Jioni ile ungeweka kikombe kingekwenda chenyewe.

Nilimrudishia kesho yake. Akakaza kebo ya mafuta, resi zikakaa juu kwa nguvu, akaniambia limepona. Halikupona. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba kufanya vile ni kulidanganya gari. Kwenye throto kuna sensa inayoiambia kompyuta ya injini kwamba mguu umetoka kwenye mafuta, na kebo ikivutwa ile sensa haisemi tena, kwa hiyo kompyuta haijui hata kama gari limesimama. Nikailegeza mwenyewe mpaka ikawa na ulegevu kidogo kama zamani. Mtetemo ukarudi wote, nikashukuru, maana angalau sasa nilikuwa naona ugonjwa wenyewe.

Baada ya hapo ndugu yangu kila mtu akawa daktari. Huyu anasema nozeli zimeziba, yule anasema kontroli boksi imekufa. Shemeji yako wa Gungu anasema niuze kama lilivyo. Mmoja akanitajia bei ya injini nzima kutoka Dar. Injini nzima! Kwa gari ambalo Jumatatu lilikuwa zima na Jumanne linatetemeka. Nikawa nakumbuka zile Jumamosi zetu Tabora, mimi na wewe tumeshika taa, Mzee ameweka bisibisi ndefu sikioni anasikiliza, hafungui kitu mpaka aulize gari limeguswa wapi mara ya mwisho. Nikaamua sinunui hata boliti. Nitapita palipopita mkono wa fundi, pamoja baada ya pamoja.

Nikaanza na waya za plagi, kwamba pengine kachanganya. Nikafuata moja, tatu, nne, mbili, kama tulivyofundishwa, moja ikiwa upande wa mkanda. Zipo sawa. Nikawasha, nikachomoa waya moja moja kwa mpira mkavu, haraka haraka nikirudisha. Kila niliyochomoa injini ilizidi kuanguka, zote nne, na kwa kiasi kilekile. Hapo nikakaa chini nikafikiri. Ingekuwa plagi moja mbovu au waya moja mbovu, kuna silinda ambayo ningeichomoa na gari lisijali. Kumbe zote zinafanya kazi na zote zinaumwa. Basi ugonjwa ni wa kitu wanachokula pamoja: hewa, mafuta au taimingi, yaani wakati plagi zinapotoa moto.

Nikatoa plagi. Mpya, za wiki mbili, nyeusi tititi! Masizi makavu yanayopaka vidole. Na kweli mama alikuwa ananiambia gari linanuka mafuta, mimi nikidhani ni dumu la mawese kwenye buti. Kwa hiyo linapewa mafuta mengi kuliko linavyohitaji. Lakini taa ya injini haiwaki. Nikaunga TE1 na E1, yale matundu mawili ya kupimia, kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi chini ya boneti, taa ikapepesa sawasawa, pepe pepe pepe, haihesabu kosa lolote. Nikalala na hilo swali siku tatu.

Jibu lilikuwa mpira, Idi. Kampira kembamba kama kidole cha mtoto kanakotoka kwenye menifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kwenda kwenye sensa ya mgandamizo, ile mafundi wanaiita mapu. Injini hii ya Toyota, 5A, haipimi wingi wa hewa inayoingia. Inapima mvuto uliomo ndani ya menifodi, na kwa mvuto huo ndiyo inakadiria mafuta. Gari likiwa limesimama mvuto ni mkubwa, kwa hiyo mafuta yanatakiwa machache. Sasa ule mpira umekaa na joto tangu 1994, umekauka kama ganda la muhogo, na fundi alipouchomoa ili atoe throto umepasuka upande wa chini, pale unapovaa kwenye kichuchu. Juu unauona mzima. Chini unavuta hewa. Sensa inaona mvuto mdogo, inadhani gari linapanda mlima na mzigo, kompyuta inamwaga mafuta. Wala haioni kosa, maana umeme wa sensa ni mzima, ila habari inayopewa ni ya uongo.

Nilikigundua kwa kidole. Nilikuwa naminya mipira yote mmoja mmoja injini ikiwa inawaka, nilipouminya ule pale mwisho gari likatulia. Nikaachia, likatetemeka. Nikaminya tena, likatulia. Nilimwita mama atoke nje aone. Nilikuwa karibu kulia, na sioni haya kukuambia wewe. Nikakata sentimita moja ya mwisho, ukabaki wa kutosha, nikaurudisha kwa nguvu, nikasafisha plagi, na baada ya siku mbili zimeanza kuwa na rangi ya kahawia.

Sasa ndiyo nafika kwenye lililonifanya niandike, maana halijaisha. Kuzima limeacha, resi hazichezi tena. Lakini asubuhi likiwa baridi bado lina mtetemo mdogo, na ukikanyaga mafuta linachelewa kuitika. Uzito ule wa safari ya Uvinza haujatoka wote. Nikarudi kwenye orodha ya vilivyoguswa. Kilichobaki ni distributa.

Nikaisafisha pale chini kwa kitambaa na petroli, na nikaona kitu. Kuna mstari umechimbwa kwa patasi ndogo, nusu yake kwenye mwili wa distributa, nusu kwenye silinda hedi. Ni mkono wa Mzee ule, alivyokuwa akiweka alama zake kila mahali. Na zile nusu mbili hazikutani. Zimepishana kama milimita tatu. Fundi aliirudisha na kuizungusha kwa kusikiliza kwa sikio tu, hakuwa na taa ya taimingi, nilikuwepo.

Nimeitazama ile alama jana yote. Naweza kulegeza boliti mbili nikazikutanisha, ni dakika tano. Sijazigusa. Siwezi kujua kama Mzee aliichimba baada ya kupima kwa taa, au aliichimba tu siku moja akichomoa distributa ili ajue ilipokuwa. Tena mkanda wa taimingi ulibadilishwa baada ya hapo, ule mwaka tuliopeleka gari Kaliua, na sikumbuki kama alipima upya. Ikiwa aliipima basi ule mstari ni mali, natakiwa kuufuata. Ikiwa hakuipima, nitakuwa nasogeza kosa kutoka hapa kwenda pale, na kwa lile gari sitaki tena kubahatisha.

Ndiyo maana naomba unisaidie. Ile taa yake ya taimingi, yenye kibanio cha kushika waya wa plagi namba moja, naamini imo kwenye sanduku lake la mbao. Kwa injini hii moto ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, huku TE1 na E1 zimeungwa. Bila kuziunga kompyuta inasogeza moto yenyewe na alama ya puli haitulii. Nikiipata kwa siku moja tu nitajua mstari ule unasema nini. Mpe Bakari wa mabehewa akija na treni, nitampokea stesheni mwenyewe. Na ukipita duka la spea niangalizie mpira mpya wa vakyumu, kama nusu mita, ule mgumu wa kuvumilia joto. Wa huku walioniuzia ni laini kama wa kuchotea maji, nikaukataa.

Habari nyingine kwa ufupi. Mvua zimeanza, barabara ya kwetu imekuwa mto. Chogo amehamia Kibirizi, ananunua dagaa na anafanya vizuri. Bi Tausi aliuliza habari zako mbele za watu, nikasema nitakuandikia.

Sasa nijibu haya. Sanduku la Mzee liko kwako au kwa dada? Unakumbuka siku aliyochimba ule mstari, au nani alikuwa amemshikia taa, mimi au wewe? Mkanda wa Kaliua alifunga yeye au alimpa mtu? Lile daftari lake la kijani, alimokuwa akiandika kilomita na vipuri, lipo? Na wewe, kazi vipi? Umeshaweza kuingia chumbani kwake? Mwaka huu utakuja, au mpaka nikufuate?

Ukija nitakupokea stesheni na gari lake. Nitalizima na kuliwasha mbele yako ulisikilize.

Ndugu yako,
Rama