Mwanangu, anza na stoo ya karakana

Malindi

Kwa mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, na nduguyo anakusalimu sana. Wabaadu, kwa kuwa umekabidhiwa vyuo vya ufundi vya kaunti huko Lamu, nakuandikia mambo ambayo mwenye kiti hicho hutakiwa ayajue wiki ya kwanza, na wengi huja kuyajua mwaka wa tatu.

Anza na mipaka ya kazi yako. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, ilikata elimu vipande viwili: sera, viwango, mitaala na mitihani vikabaki kwa serikali kuu; chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini vikapewa kaunti. Kwa hiyo nyinyi ndio mnaoajiri mwalimu na kununua misumari, lakini TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2013, ndiyo inayosajili chuo na kumpa mkufunzi leseni. Baraza la CDACC, lililotokana na sheria hiyo hiyo, ndilo lenye mitaala na tathmini za umahiri. NITA nayo, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, iko kando na majaribio yake ya ufundi, gredi ya 3 hadi ya 1. Usajili ukiwa umekwisha muda, au kozi haikuidhinishwa, mtoto wa watu atasoma mwaka mzima na mwishowe hana pa kutahiniwa. Ukizuru chuo huwezi kuliona hilo, maana darasa limejaa na mwalimu yuko ubaoni. Omba cheti cha usajili, soma ni kozi gani na ngazi ipi iliyoidhinishwa, kisha uilinganishe na orodha ya wanafunzi, jina kwa jina.

Ukimaliza hapo, usikae ofisini kwa mkuu wa chuo ukaletewa soda. Omba ufunguo wa stoo ya karakana.

Chukua kozi ya kuchomelea vyuma. Mwanagenzi anayejifunza kuvuta mshono anamaliza rodi 20 kwa asubuhi moja, na hajafanya makuu. Darasa la watu 25 ni rodi 500. Rodi ya milimita 2.5, ambayo mafundi wanaiita geji 12, ina uzito wa kama gramu 20, basi hizo ni kilo 10 kwa siku. Weka siku 2 za vitendo kwa wiki, muhula wa wiki 12: kilo 240. Hapo hujagusa vyuma vyenyewe, mawe ya grinda, glavu wala miwani. Sasa ukikuta pakiti nne juu ya rafu, huna haja ya ripoti ya mtu. Mwalimu anachomelea, darasa linatazama. Na hao waliotazama ndio watakaokwenda mbele ya mtahini wa mfumo wa umahiri, anayetaka mtu aunge chuma mbele yake na awe na faili lenye ushahidi wa kazi alizofanya kwa mkono wake.

Angalia pia rodi zenyewe zimewekwaje. Hewa ya Lamu ni chumvi na unyevu mwaka mzima. Rodi ikinyonya maji, mshono unatoka na vitundu, cheche zinaruka ovyo, na lawama zote zinamwendea mwanafunzi. Kwa rodi za kawaida dawa ni rahisi: kabati linalofungika vizuri, ndani balbu ya zamani ya wati 60 iwake usiku na mchana. Hizi balbu za kisasa hazina joto, hazisaidii kitu.

Stoo huwa tupu hata pale jengo jipya linaponuka rangi, na sababu imo kwenye vitabu vya fedha. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka si chini ya asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zikaweka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Jengo linahesabiwa maendeleo. Rodi, mbao, petroli ya kufundishia na mwalimu ni matumizi ya kawaida, na huko ndiko kila idara inakogombania. Tena jengo lina utepe wa kukatwa na mheshimiwa. Kilo 240 za rodi hakuna anayezipigia picha. Ndiyo maana usiandike "vifaa vya mafunzo" kwa jumla. Fungu la namna hiyo halina mwenyewe, na panga likishuka linaanza nalo. Andika gharama ya mwanafunzi mmoja kwa kila kozi, kwa kipimo na kwa bei, ili anayetaka kukata aseme wazi ni wanafunzi wangapi anaowatoa karakanani. Mashine na zana za kudumu ziingize katika mradi wa maendeleo pamoja na jengo, mkataba mmoja, la sivyo utapewa funguo za chumba kitupu.

Tarehe zishike kichwani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1. Waraka wa sera ya fedha ni Februari 28, makadirio Aprili 30, na mwaka unafungwa Juni 30. Ukija na hoja nzuri mwezi wa Mei, watakusikiliza kwa adabu na hupati kitu. Halafu fedha zenyewe kutoka Nairobi huchelewa. Sheria ya ununuzi ya 2015 inaruhusu mkataba wa bei wa muda mrefu na wauzaji. Uwe nao, ili fedha zikitua uagize tu, pasiwe na kuanza zabuni upya huku muhula unakwisha.

Kuna na karo, na pesa za madawati ambayo wanafunzi wanaziundia shule. Kifungu cha 207 cha Katiba kinapeleka mapato ya kaunti kwenye mfuko mmoja. Kwa hiyo mkuu wa chuo anapokea pesa asubuhi na hana ruhusa ya kununua gundi jioni. Wengine huzitumia kimyakimya, mkaguzi akaja wakaitwa wezi. Sheria ya 2012 imeacha mlango: sheria ya kaunti inaweza kukiruhusu chuo kibaki na makusanyo yake kwa matumizi yake. Hospitali zilipata sheria yao ya kitaifa ya namna hiyo mwaka 2023. Vyuo vya ufundi vinahitaji madiwani wenu wakae waipitishe, na hilo ni jambo la kulianzisha mapema, kabla mawazo hayajahamia kwenye uchaguzi.

Mkiandika sera, msione haya kutazama mbali. Marekani, ambako majimbo ndiyo yenye usukani wa elimu ya ufundi, sheria ya Perkins iliyopitishwa upya 2018 inalibana jimbo kwenye fedha za serikali kuu: si chini ya asilimia 85 zishuke kwenye shule na vyuo, si zaidi ya 10 kwa uongozi wa jimbo, si zaidi ya 5 kwa kuendesha ofisi. Na wanaopokea huko chini lazima wafanye tathmini ya mahitaji ya eneo lao kila miaka 2, waajiri na wazazi wakiwemo. Hivyo vipimo vitatu ningeviiba bila aibu. Kwetu mgawo wa ofisini haujulikani hadi ripoti ya mkaguzi itoke.

Hiyo tathmini kwa Lamu haina ugumu. Kisiwa chenyewe kina magari ya kuhesabika, punda ni wengi kuyashinda, basi kufundisha gari dogo la mjini ni kumwandaa mtu kuhama. Lakini kila kijiji kina mashine za boti. Mtoto afundishwe kwamba injini nyingi za mipigo miwili zinataka oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 50, yaani nusu lita kwa tangi la lita 25; ikizidi plagi zinajaa masizi, ikipungua pistoni inakwama. Afundishwe mpira wa pampu ya maji, ambao mchanga wa maji mafupi unaula hadi injini inachemka, na kusafisha mashine kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila inapotoka baharini. Hata hivyo kaunti haijitungii mtaala. Mnakusanya mafundi na waajiri, mnaandika kazi inavyofanywa hatua kwa hatua, mnaipeleka CDACC.

Kuhusu bandari, wazazi watakuuliza sana. Gati la kwanza lilifunguliwa 2021, na bado ndilo linalotajwa kila mkutano. Waambie ukweli: vyeti vya ubaharia vinafuata mkataba wa kimataifa wa 1978, na chuo cha kijiji hakivitoi. Mkondo wake ni Mombasa, Bandari Maritime Academy. Kazi yenu ni kumfikisha kijana huko akiwa na hesabu, Kiingereza na mkono uliozoea chuma.

Walimu unao karibu. Matondoni wanaunda majahazi. Mji wa Kale una wachonga milango na wajenzi wa chokaa na mawe ya matumbawe. Kinachowazuia ni karatasi. Sera ya kutambua ujuzi alionao mtu ilizinduliwa 2024: fundi analeta ushahidi wa kazi zake, anahojiwa, anatahiniwa kwa vitendo, anapata cheti. Mambo huharibika kwenye fomu, si kwenye kazi. Fundi anapima kwa dhiraa na jicho, mtahini anataka milimita na maelezo yaliyoandikwa. Mpe kijana wa kumwandikia na kumpigia picha kazi hatua kwa hatua. Akishapata cheti mweke kando ya mkufunzi mwenye leseni, wafundishe wawili.

Kwa mafunzo ya kazini, usitafute mwajiri mmoja wa kuchukua darasa zima, Lamu hayupo. Fundi mdogo anaweza wawili tu. Darasa la 24 ni mabanda 12. Kila mmoja awe na kitabu cha kumbukumbu kinachosainiwa kila wiki, na bima ya kuumia kazini ilipwe kabla hajashika msumeno.

La mwisho, ratiba ya watahini. Aliyeko Nairobi hupanga tarehe kwa kalenda ya ukutani. Wewe tazama jedwali la maji kwanza: njia za mikokoni zikikupwa boti hukaa kwenye tope, na miezi ya kusi kali kwenda Pate na Kiwayuu si mchezo. Watahini wakikosa kufika, wanafunzi wanangoja zamu nyingine. Pigia hesabu petroli ya boti ya kwenda na kurudi, kwa kila kituo, na siku moja ya akiba.

Rasimu ya mpango wa mwaka niletee kabla ya Agosti kwisha niipitie. Watakwambia hiyo petroli ya boti iingie kwenye usafiri wa idara nzima. Usikubali.

Wasalaam,
Mamako