Chumba cha bahari hapo hapo Iringa

Hamburg

Mdogo wangu mpendwa,

Kamwene! Baba na mama wape shikamoo zangu. Huku wazima, ila baridi.

Kuhusu kile chumba cha wanafunzi wako, cha kumfanya mtu ajione yuko chini ya bahari yenye taka: anza na mwanga. Ukianza kwa kurundika chupa utapata dampo lenye taa.

Ziba madirisha kwa kitambaa cheusi mpaka usione kiganja chako. Laza kioo kwa mshazari kwenye beseni la maji, kisha kimulike kwa tochi ya balbu moja. Ukigusa maji, mawimbi yatacheza darini. Tochi yenye vitaa vingi haifai, kila kitaa hutupa mawimbi yake na yote yanafifia. Mbele ya tochi weka selofeni ya bluu, kwa sababu maji humeza rangi nyekundu kwanza. Kizibo chekundu kitaonekana cheusi, na huko chini ndivyo kilivyo.

Sasa konyeza, wale wadudu wa baharini wanaowasha kama upupu. Kata chupa ya maji ya lita 1.5 katikati, chukua upande wa kitako, ugeuze. Chana ukingo vipande vya nusu sentimita, ukiacha vidole vinne juu. Vipitishe mbali kidogo juu ya mshumaa, vitajikunja vyenyewe. Ukisogeza mno plastiki inakuwa nyeupe na ngumu. Tupa, anza nyingine. Fanyieni nje. Mabomba ya maji ya PVC msiyachome kabisa, moshi wake una asidi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia nailoni za mkate. Ining'inize kati ya konyeza, watoto waone kwa nini kasa huimeza. Funga kwa mshipi wa kuvulia, uzungushe mara tano kabla ya kukaza. Fundo la kawaida huteleza. Vizibo viwe juu, kwani huelea. Vipande vya chupa viwe sakafuni, vyenyewe huzama.

Mlangoni chora Ruaha Mdogo ukiingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, hadi baharini. Weka na mabwawa ya Mtera na Kidatu. Yanazuia taka nyingi, usiwaambie watoto kwamba kila chupa ya Iringa inafika kisiwa cha Mafia.

Nyangumi mkubwa achana naye. Yule wa sanamu ya Bruges, Ubelgiji, ya mwaka 2018, wa tani 5 za plastiki, anapendeza kwa picha, lakini mtu anamtazama akiwa nje.

Umeme ukikatika, tochi za sola zinatosha. Vumbi likishika plastiki, suuza kwa maji ya sabuni, anika kivulini.

Kaka yako