Barua kwa Neema: tulivyovuka Songwe kwa baiskeli

Uyole, Mbeya
17 Julai

Neema rafiki yangu,

Kamwene! Habari za Iringa, na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, tulirudi Jumamosi iliyopita. Ningekuandikia mapema, ila viganja vilikuwa bado vinauma kwa kushika usukani siku tisa.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, mtu na mumewe wana nauli ya basi, hema na baiskeli mpaka Malawi vya nini? Nilishindwa kukujibu vizuri. Jibu lenyewe linaanzia kwa bibi yangu mzaa mama. Alikuwa akituambia kwamba ndugu zetu wengine wako ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Mpaka ule waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 kwa kuufuata mto. Waliobaki huku wakawa Wanyakyusa, wa kule Wangonde. Mimi nimepita pale mpakani Kasumulu mara mbili kwa basi la usiku, nimelala, na hao ndugu sijawahi kumsalimia hata mmoja. Bibi amefariki, nami hilo limekuwa likinisumbua.

Basi tukaondoka. Kutoka Uyole hadi Isongole ni kupanda, na baridi ya Julai unaijua: vidole vinakufa ganzi juu ya breki. Baada ya hapo ni kuteremka. Unaacha viazi, unaingia kwenye migomba ya Kiwira, halafu chai ya Tukuyu ambako tulilala kwa shangazi. Kesho yake joto linapanda kila unapozungusha kona, hadi unafika kwenye kakao na mpunga wa Kyela. Baba Lugano alisimama mara tatu kukagua raba za breki, maana zilikuwa zinanuka kuungua.

Mpakani tuligongewa mihuri tukavuka. Saa ya Malawi iko nyuma ya yetu kwa saa moja, hili ukija ulishike: mwezi wa saba, saa yao ikisoma kumi na moja na nusu jioni, jua liko karibu kuzama. Sisi hatukulifikiria. Giza lilitukuta njiani kabla ya Karonga, na papo hapo spoku mbili za gurudumu la nyuma zikakatika. Gurudumu hilo nililipeleka kwa fundi hapa mjini kabla ya safari, nikalipa fedha nzuri anifungie spoku mpya. Kumbe alirudisha zilezile za zamani. Nilisikia uchungu, Neema, maana nilimweleza tunakwenda wapi na tumebeba nini.

Tukasukuma hadi kwenye nyumba iliyokuwa na moto uani. Palikuwa na mama mtu mzima anapepeta mchele. Baba Lugano akaanza kwa Kiingereza, kijana mmoja akawa anamjibu kwa shida. Mimi nikamwamkia yule mama kwa Kinyakyusa nikaomba maji. Akauweka ungo chini. Hakuniletea maji kwanza. Aliniuliza mimi ni wa ukoo gani, na mama yangu katokea wapi. Maneno mengine yalitofautiana na ya kwetu, ila nilimwelewa, naye akanielewa. Alipoona tunafungua hema akasema haifai kulala kabla mfumu, yaani mkuu wa kijiji, hajajua kwamba kuna wageni, akamtuma yule kijana atupeleke. Mfumu alitusikiliza, akauliza majina, akaruhusu. Tulikula wali na usipa, dagaa wa ziwani, kwenye sinia moja na wajukuu wa yule mama. Alfajiri nikasikia nje ya hema, "Mugonile?", mmelalaje. Kwa sauti ileile ya bibi, Neema, na kuvuta kulekule. Nilikaa ndani ya hema nikalia kabla ya kutoka.

Spoku tulizipata Karonga mjini. Kule baiskeli ni usafiri wa watu, wanaziita kabaza, zinabeba abiria nyuma, kwa hiyo mafundi ni wengi na wanajua kazi.

Kutoka Karonga hadi Chitimba ni karibu kilomita 100, barabara inafuata ziwa. Hapo ndipo tulipokutana na mwera. Ni upepo wa kusini, unavuma miezi hii ya baridi, na sisi tulikuwa tunaelekea kusini. Hata panapoteremka ilibidi ukanyage pedali. Usiku tulipiga hema mchangani, vigingi vikawa vinang'oka kimoja kimoja. Tulijaza mchanga kwenye kiroba tulichokuwa tumebebea unga, tukafunga kamba, upande wa pili tukazilaza baiskeli zote mbili juu ya turubai. Hapo tulishapandishiana sauti. Kisha tukaingia ndani, hakuna usingizi, hema linapigwa kama ngoma. Unajua tangu Lugano aende bweni nyumba yetu ilivyo: tunazungumza ada, tunazungumza Luku, tunalala. Usiku ule mume wangu alinieleza jinsi anavyomkumbuka baba yake, jambo ambalo hajawahi kulisema tangu msiba. Tuliongea mpaka upepo ukapungua.

Livingstonia, mlimani juu ya Chitimba, tulipanda kwa miguu. Kona ni 20 za kuhesabu, mawe matupu, baiskeli unaisukuma hatua kumi unapumzika. Juu kuna hewa ya Tukuyu kabisa. Daktari Robert Laws, mmisionari Mskoti, aliuhamishia umisheni wake huko mwaka 1894 kwa sababu malaria ilikuwa inawamaliza watu kando ya ziwa. Nikawakumbuka Wamoravian wetu waliofika Rungwe mwaka 1891, nao walipitia ziwa hilihili. Maporomoko ya Manchewe tuliyaona pia, ila miguu yangu ilikuwa imegoma kukaribia ukingo.

Kurudi Karonga mwera ulikuwa mgongoni, tukaruka kama watoto waliotoka shule. Tulipita kwa yule mama tukampelekea sukari na sabuni. Alikuwa ameshaulizia ukoo wa bibi kwa wazee wake, akanipa majina mawili ya watu walioolewa huku, nimeyaandika nyuma ya daftari. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, akatufungia mkungu wa ndizi kwenye karia. Kasumulu tukapandisha baiskeli juu ya basi. Mlima ule wa kurudi Mbeya sikuutaka.

Sasa, wewe na Baba Upendo Julai ijayo mje. Safari hii tutapanda basi hadi Mzuzu, tuanzie huko kuja kaskazini, upepo utusukume. Hema letu linatosha watu wawili tu, kwa hiyo azimeni lenu mapema. Na magurudumu yenu msimpe fundi mkaondoka. Kaeni hapo mpaka amalize.

Msalimie Mama.

Wako,
Mama Lugano