Kuhusu swali lako la theluji

Soweto, Moshi

Ndugu yangu Elifuraha,

Salamu nyingi. Mama anakusalimu, anauliza Desemba unakuja au ndiyo yale yale ya mwaka jana.

Umeniuliza kwa nini Wamarekani hupima theluji ya milimani wakajua maji ya kiangazi yatakuwaje, na sisi tunaoamka tukiiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hatupimi kitu. Najua ni uchokozi, lakini nitakujibu.

Kule Nevada, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwepo profesa wa Kilatini (Kilatini, hebu fikiria!) aliyependa milima, James Church. Alibuni bomba la kuchomekwa kwenye theluji mpaka ardhini, kisha likapimwa kwenye mizani pamoja na kilichomo. Ni uzito ndio unaosema kweli, kina kinadanganya: mita moja ya theluji mpya ikiyeyuka inaweza kutoa sentimita 10 tu za maji, ila iliyoshikana hadi mwisho wa baridi hutoa hata 40.

Kazi ngumu ni kwamba mlima haufanani. Upepo hukwangua theluji mgongoni na kuirundika bondeni. Misonobari huidaka matawini, nyingine ikarudi hewani bila kugusa ardhi. Upande unaopigwa na jua huwahi kuyeyuka. Ukipima mahali pamoja utajidanganya, ndiyo maana wanarudia mistari ileile kila mwaka, wana vituo vinavyojipimia vyenyewe, na siku hizi hata ndege zenye leza. Tarehe 1 Aprili 2015, gavana wa California, Jerry Brown, alikwenda mahali theluji inapopimwa akasimama juu ya nyasi kavu. Theluji ya jimbo zima ilikuwa asilimia 5 tu ya kawaida. Siku hiyohiyo akaagiza matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa robo.

Sasa sisi. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na kila mtu hapa mjini anasema ikiisha tutakufa kiu. Mimi sikubali. Barafu ile ni kidogo mno, na sehemu yake kubwa hupaa kuwa mvuke bila hata kuwa maji. Chemchemi zetu na mifereji ya wazee inalishwa na msitu: mvua nyingi ya upande wa kusini hunyesha kwenye mita 2,200 hivi, na juu zaidi miti yenye kuvumwani (ile kama ndevu inayoning'inia matawini) hukamua ukungu. Moto ukipita pale, hasara yake ni kubwa kuliko ya barafu, ila haipigwi picha na watalii.

Kwa hiyo ningepewa fedha, ningeweka vipimamvua msituni, kwa busara ileile ya Church: mgongoni na bondeni, chini ya mti na peupe, miaka nenda rudi.

Ukija, tupande mpaka Mandara, kituo cha wapanda mlima kule msituni, nikuonyeshe. Beba koti la mvua, la kwangu silitoi.

Wako,
Aikande